Elfu 87 kwa mafungu matatu: kisa cha Siaya

Shilingi 7,000, kisha 40,000, kisha 40,000 nyingine. Ndizo pesa ambazo zaidi ya kaya 10,000 za Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, zilipokea kwa simu kati ya 2014 na 2017. Jumla ni 87,000, wakati ule karibu dola 1,000 za Marekani. Hazikuwa mkopo. Hazikuwa na sharti la kupeleka mtoto kliniki wala la kuhudhuria semina, na hakuna aliyerudi kudai risiti. Mtoaji ni GiveDirectly, shirika la Kimarekani lililoanzishwa na Paul Niehaus, Michael Faye na wenzao walipokuwa bado wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kila kisa hiki kinapozungumzwa, swali la kwanza huwa lile lile: hawatazinywa? Swali hilo lilipata jibu mapema, tena hapo hapo Siaya, na tutaligusa kwa ufupi tu. La maana zaidi ni fungu lenyewe: lina ukubwa gani, na linatua mwezi gani. Tofauti nyingi zilizoonekana kati ya kaya na kaya zinatokana na mambo hayo mawili kuliko tabia ya mpokeaji.

Nani aliingia kwenye orodha

Kigezo kilikuwa paa. Nyumba ya nyasi inaingia, ya mabati inabaki nje. Kwa kigezo hicho takribani theluthi moja ya kaya za vijiji hivyo zilistahili. Uzuri wake ni kwamba paa linaonekana. Huhitaji kumuuliza mtu analipwa ngapi kwa kibarua, swali ambalo hakuna anayelijibu kwa ukweli mbele ya mgeni mwenye karatasi.

Ubaya wake nao unaonekana. Yupo mama aliyeezekewa mabati na mwanawe zamani, mwana akafa au akapoteza kazi Nairobi. Leo mama huyo analala njaa chini ya bati na hastahili. Yupo pia mwenye nyumba nzuri anayemsubiri mwandikishaji kwenye mlango wa jiko lake la nyasi, akidai hapo ndipo anapolala. Na boma la Kijaluo si kaya moja. Mwanamume mwenye wake watatu ana nyumba tatu, kila moja na chungu chake, halafu kuna simba, kibanda cha kijana aliyebalehe ambaye bado hajaoa. Mwandikishaji asiyejua hayo anaweza kuandika boma zima kama kaya moja, au kibanda cha kijana anayekula kwa mamaye kama kaya inayojitegemea. Baadaye shirika liliacha kigezo cha nyasi katika sehemu nyingi, likawa linawapa watu wote wa kijiji kilichochaguliwa. Gharama inapanda, ugomvi unapungua.

Utaratibu wa uandikishaji ulikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na watu wake. Kwanza kibali cha serikali ya eneo na baraza la kijiji, chifu na wazee wakiwapo. Kisha timu moja inapita mlango kwa mlango kuhesabu kaya zote, zinazostahili na zisizostahili. Timu ya pili inarudi kuandikisha wanaostahili, ikipiga picha ya nyumba na kuchukua alama yake ya GPS. Timu ya tatu, isiyo na mtu wa timu ya pili, inarudi tena kuhakiki. Ndipo pesa zinapotumwa, na baada ya hapo mpokeaji anapigiwa simu: umepata? Kuna aliyekuomba chochote?

Ukaguzi wa timu tofauti unaonekana kama kupoteza nauli hadi pale unapolegezwa. Kivu Kusini, nchini Kongo, shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu dola 900,000 zilikuwa zimeibwa, na familia zaidi ya 1,700 kukosa pesa zao. Kwa sababu ya hali ya usalama, wafanyakazi waliruhusiwa kuwasajilia wapokeaji laini za simu. Laini ikishasajiliwa na mtu mwingine, pesa ni zake. Baadhi ya waliokuwa wakikagua walikuwa ndani ya njama.

Siaya ilikuwa na M-Pesa, laini ikiwa kwa jina la mwenye kitambulisho, na hilo liliziba mianya mingi. Haikuziba yote. Ajuza asiye na kitambulisho hulazimika kupokelewa na mtu mwingine. Asiyejua kusoma humtajia wakala namba yake ya siri amsaidie kubonyeza. Na mzee wa mtaa akijua tarehe, huenda akapita jioni kuomba "shukrani".

Kuna pia jambo la keshi iliyo kwenye droo ya wakala. M-Pesa ya miaka ile iliruhusu hadi 70,000 kwa muamala mmoja na salio lisilozidi 100,000, kwa hiyo 40,000 iliingia kwenye simu bila shida. Kuitoa ndiyo kazi. Wakala wa soko dogo mwenye keshi 30,000 dukani hawezi kumtoshea hata mteja mmoja, na siku hiyo wanakuja kumi. Mtu hutoa kwa vipande kwa siku kadhaa, akikatwa ada kila kipande, au hupanda bodaboda hadi mjini ambako mawakala wana keshi, kisha hurudi na kitita mfukoni huku kijiji kizima kikijua alikotoka.

Fungu dogo la mwanzo, na bati 18

Kazi ya ile 7,000 ya kwanza ni kuthibitisha. Laini inafanya kazi, jina ni sahihi, na jambo lenyewe si uongo. Mtu aliyekaa miaka akiahidiwa na wagombea hapangi matumizi ya pesa asiyoiona. Ndiyo maana nyingi ya 7,000 hizo huelekea kwenye chakula, deni la duka, na simu kwa asiyekuwa nayo. Miezi miwili baadaye, 40,000 inapoingia, kaya imeshaamini na imeshazungumza.

Walichozungumza mara nyingi ni paa. Tupige hesabu ya nyumba ya udongo ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4.5, paa la mteremko pande mbili. Bati la mita 3 kwenye mteremko wa nyuzi 25 hutosha upande mmoja kuanzia mgongo hadi chini, na kubakiza upenu wa karibu nusu mita wa kukinga ukuta wa udongo na mvua. Likishalaliana na mwenzake, bati moja hufunika kama sentimita 75. Urefu wa paa ukiongeza upenu wa kila kichwa ni mita 6.6. Hapo ni bati 9 kila upande, yaani 18, kofia 4 za mita 2 za kufunika mgongo, misumari ya bati kilo 4 au 5, kenchi 6 au 7, na fito za kupigilia safu nne kila upande, jumla zaidi ya mita 50 za mbao. Halafu fundi, na chakula cha fundi.

Panapoharibika hapa ni ukutani, si darini. Nyasi hukaa kwa uzito wake, bati huchukuliwa na upepo. Kuta zilizosimamishwa kwa fito zilizoliwa na mchwa hazishiki kenchi, na mwenye nyumba anagundua hilo siku nyasi zimeshashushwa. Sasa anahitaji nguzo mpya na udongo mpya, bajeti ya 40,000 imepasuka, na fungu lijalo liko miezi sita mbele. Mwenye busara huchimbua chini ya nguzo za pembeni na kuzichokoa kwa panga kabla ya kununua bati hata moja. Na wengine wana kikwazo kisicho cha pesa kabisa: panapofuatwa mila ya Kijaluo, mjane hajengi nyumba mpya kabla ya kurithiwa, hivyo pesa zinaweza kuwapo na nyumba isijengwe.

Kwa nini paa, na si ng'ombe? Kwanza, nyasi ni gharama isiyoisha. Zinaoza, zinavuja, na kila baada ya mwaka au miwili lazima zitafutwe, zikatwe, zisombwe na aitwe mwezekaji. Pili, maji. Paa la hesabu yetu lina eneo la kama mita za mraba 35 likitazamwa kutoka juu. Mvua ya milimita 10, ambayo Siaya wakati wa masika ni mvua ya kawaida ya alasiri, huangusha hapo zaidi ya lita 300. Ukiweka mfereji na pipa, hayo ni madumu 15 ambayo hakuna msichana aliyekwenda kuyachota. Maji ya nyasi ni ya rangi ya chai na hunuka moshi. Anayeita bati anasa hajawahi kupanga foleni kisimani.

Ng'ombe walinunuliwa pia, na mbuzi na kuku kwa wingi. Mnyama aliyenunuliwa soko la mbali huja na kupe wake, na ndigana inaweza kumuua ndani ya wiki chache. Dawa ya kuogeshea inapaswa kuwa kwenye bajeti ile ile ya ng'ombe, si kungojea dalili. Fungu la tatu kwa kawaida lilimalizia lililoanza: ukuta, mlango, karo, mtaji wa kibanda.

Mkupuo au kila mwezi

Kabla ya mafungu haya matatu kulikuwa na jaribio dogo Rarieda, hapo hapo Siaya, mwaka 2011 na 2012, lililochunguzwa na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipata shilingi 25,200. Baadhi kwa mkupuo mmoja, baadhi 2,800 kila mwezi kwa miezi tisa. Kikundi kingine kiliongezewa hadi 95,200. Kaya nyingine pesa zilikwenda kwa mke, nyingine kwa mume.

Pombe na tumbaku hazikuongezeka. Hilo liishie hapo.

Waliopata kwa mkupuo walielekea kununua vitu vinavyodumu, bati likiwa mbele. Waliopata kila mwezi walikula vizuri zaidi. Pesa ni zile zile hadi shilingi ya mwisho. Aliyepata 2,800 angeweza kuweka, baada ya miezi tisa akawa na 25,200 zake na paa lake. Kwa nini hakuweka? Kwa sababu 2,800 mkononi kijijini ina wenyewe wengi. Kuna unga, kuna dawa ya mtoto, kuna shemeji, na kuna mchango wa matanga, ambao Siaya hauna msimu. Fungu kubwa hugeuzwa kuwa bati siku ile ile, na hakuna anayekuja kuazima bati lililokwisha pigiliwa misumari.

Ushahidi bora wa hilo walitoa wanavijiji wenyewe miaka ya baadaye. Kuanzia 2018 shirika lilianza katika vijiji vya Siaya na Bomet jaribio la shilingi 2,250 kwa mwezi kwa kila mtu mzima: vijiji vingine kwa miaka miwili, vingine wakaahidiwa miaka 12, vingine wakapewa jumla ya ile miaka miwili kwa mkupuo. Abhijit Banerjee, Tavneet Suri na wenzao waliwafuatilia. Wa miaka miwili walifungua biashara chache kuliko wa mkupuo. Wa miaka 12, waliokuwa wakipokea kiasi kile kile kwa mwezi na wale wa miaka miwili, walifanya vizuri zaidi kuliko hao, kwa sababu waliingia kwenye vyama vya kuchangiana kwa zamu. Watu kumi wakitoa 2,000 kila mmoja, kila mwezi mtu mmoja anaondoka na 20,000. Walijitengenezea mkupuo ambao hawakupewa. Wa miaka miwili nao wangeweza, lakini nani atakuamini kwenye mzunguko ikiwa inajulikana pesa zako zinakatika kabla zamu haijarudi?

Na hakuna dalili kwamba watu waliacha kazi. Waliacha vibarua vya shambani kwa watu wakaingia kwenye shughuli zao.

Mashine ya posho ya jirani

Jaribio la elfu 87 lilihusu vijiji 653 vya Alego, Ugunja na Ukwala, nusu yake vikipata. Mpango ulikuwa wa makusudi: katika baadhi ya maeneo theluthi mbili ya vijiji vilipata, katika mengine theluthi moja, ili ionekane pesa zikiwa nyingi mahali pamoja zinafanya nini kwa asiyezipata. Zilikuwa nyingi kweli, zaidi ya 15% ya pato la eneo. Hofu ilikuwa bei. Kila mtu akiwa na 40,000, gorogoro la mahindi, lile kopo la kupimia sokoni, si litapanda bei?

Bei zilipanda kwa wastani wa kama 0.1% tu. Watafiti wa jaribio hilo, Edward Miguel, Dennis Egger, Michael Walker na wenzao, walikadiria kwamba kila shilingi iliyoingia ilizaa takribani shilingi 2.5 za pato katika eneo hilo. Matumizi ya kaya zisizopokea chochote yaliongezeka kwa zaidi ya 10%, karibu sawa na ya waliopokea. Hawakugawiwa na jirani, walilipwa vibarua.

Ukitaka kuelewa inawezekanaje, kaa saa mbili kwenye mashine ya kusaga posho ya kijijini. Mwenyewe ameketi kwenye gunia. Anakuja mtoto na kilo mbili, mashine inawashwa, inanguruma dakika tatu, inazimwa. Nusu saa kimya. Mashine imeshanunuliwa, chumba kimeshajengwa, mtu yupo. Wateja wakiongezeka mara mbili, kinachoongezeka ni dizeli tu, hivyo hana sababu ya kupandisha bei, na akipandisha wataenda kwa mwenzake wa njia panda. Ni hivyo kwa kinyozi, fundi cherehani, bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake kivulini. Uwezo ulikuwapo ukingoja mteja. Mahali ambapo maduka ni machache na barabara hukatika wakati wa mvua, hesabu hiyo inaweza kwenda vingine, na anayenakili kisa hiki kwenda kwingine aanze kwa kuhesabu mashine zilizozimwa.

Jambo moja halikutokea: biashara hazikuongezeka idadi kwa kiwango cha kuonekana, wala zilizopo hazikununua mashine mpya. Ziliuza zaidi. Na baada ya miaka mitatu, kaya za Rarieda zilizopata zilikuwa na mali zaidi kwa kama 40% kuliko majirani zao wa kijiji kile kile wasiopata, lakini zikilinganishwa na vijiji vya mbali ambavyo havikuguswa kabisa, faida nyingi zilikuwa zimefifia. Wataalamu bado wanavutana kuhusu kulinganisha huko. Tusijifanye hakukuwa na la kuvutania.

Majirani wana upande wao mwingine pia. Rarieda, asiyepata aliyezungukwa na waliopata alizidi kupungukiwa na kuridhika na maisha yake kadiri wenzake walivyoinuka, hata kama yeye hakupungukiwa na kitu. Bati jipya linang'aa. Unaliona ukiwa umeketi chini ya nyasi zako. Ndani ya nyumba zenyewe habari ilikuwa njema zaidi: kipigo kwa wake kilipungua, awe mke au mume ndiye aliyepokea.

Na kuna waliokataa. Siaya walikuwa wachache, kama 5%. Shirika lilipohamia Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu, 45%, walikataa. Ilisemwa ni pesa za shetani, kwamba zitadai damu baadaye. Ni rahisi kucheka. Lakini mtu anayekuja na gari kukupa mshahara wa miezi mingi bila kukuomba kura, kanisa wala kidole gumba kwenye hati ya shamba, mwenye akili humtilia shaka. Baraza moja halitoshi kuondoa hilo. Kinachoweza kusaidia ni mtu wa kijiji kingine aliyekwisha pokea na bado yu hai.

Miezi mitatu ya kabla na baada ya kujifungua

Matokeo mazito kuliko yote yalijulikana miaka mingi baadaye. Mwaka 2025 Walker, Miguel na wenzao walichapisha hesabu ya watoto waliozaliwa katika kaya za vijiji vile vile 653. Vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa 48% katika kaya zilizopokea, na vya chini ya miaka mitano kwa 45%. Mradi wenyewe haukugawa chandarua wala chanjo.

Njia iliyopitia ni ya kawaida kabisa. Wengi zaidi walijifungulia hospitali, kwa sababu nauli ya usiku ilikuwapo. Wajawazito walipunguza kazi nzito, takribani nusu, katika miezi ya mwisho ya mimba na ile ya kwanza baada ya kujifungua: jembe liliwekwa, dumu likachotwa na mwingine, mtoto akanyonyeshwa kwa wakati. Chakula kiliongezeka nyumbani.

Lakini faida ilikuwa kubwa kwa walio karibu na kituo chenye daktari. Aliye mbali alikuwa na nauli na hakuwa na pa kuipeleka. Na ilihusu waliojifungua wakati pesa zinaingia, au karibu na hapo. Serikali ya Kenya hulipa wazee, yatima na walemavu shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, mara nyingi kwa kuchelewa na kwa kujumlisha miezi. Kwa mjamzito wa miezi minane pesa ya kujumlishiwa Agosti haibebi mtu hospitali Juni. Huko Siaya, kwa akina mama waliobeba mimba baada ya fungu la tatu kwisha, chini ya lile lile bati jipya, vifo vya watoto vilirudi karibu na vilivyokuwa mwanzo.